Istilahi ya Silaha za Uganga Katika Mchezo wa Mezani

Mnamo mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa nchini Marekani kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji hushika nafasi ya mhusika wa hadithi. Kanuni hizo zilitaja panga zilizomwongezea mpigaji alama 1 hadi 3, panga zenye akili na nia zilizoweza kumshurutisha mwenyewe, na panga zenye laana. Toleo la mwaka 2014 liliweka sharti kwamba vitu vinavyohitaji kufungamana na mwenyewe visizidi 3 kwa mhusika mmoja.

Mfasiri akiziita zote "silaha za uchawi" atapotosha maana, kwa kuwa uchawi kwa Waswahili ni kudhuru. "Zindiko" nalo hukinga, wala halishambulii. Twaona yafaa neno la jumla liwe "silaha ya uganga", kwani uganga ni ujuzi, na wema wake hutegemea autumiaye. "Silaha ya laana" libaki kwa ile imdhuruyo mwenyewe. Istilahi isiyotenganisha msaada na madhara huivuruga kanuni yenyewe.