Nyayo za Ujumbe: Kutoka Reli ya Kaliua hadi Seva za Shirikisho

Ufuatiliaji wa ujumbe ni kazi ya kuandika, katika kila kituo unachopitia, saa ulipoingia, saa ulipotoka na ulikoelekezwa, ili ukichelewa au ukipotea ijulikane umekwama kwa nani. Mifumo ya kuchati ambayo seva zake zina wenyewe mbalimbali, yaani mifumo ya shirikisho, huifanya kazi hiyo kwa programu. Misingi yake hata hivyo ni mikongwe kuliko kompyuta, na mji wa Mpanda, magharibi mwa Tanzania, ulikua mwishoni mwa njia iliyoendeshwa kwa misingi hiyohiyo.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikapita mbali na Mpanda. Kilichoivuta reli kuja kusini ni madini ya risasi yaliyogunduliwa huko katika miaka ya 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia lilijengwa tawi la kilomita 210 hivi kutoka Kaliua, likivuka bonde la mto Ugalla, na kufikia mwaka 1950 lilikuwa limefika Mpanda kubeba mzigo wa mgodi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi haukudumu miaka mingi. Reli ilibaki, na kwa vizazi kadhaa mtu wa Mpanda aliyesafiri au kutuma mzigo alitegemea stesheni.

Tawi hilo ni la njia moja: treni mbili haziwezi kupishana isipokuwa kwenye stesheni. Kwa hiyo, kama kwenye reli nyingi za aina hiyo, treni hairuhusiwi kuondoka mpaka stesheni ya mbele ikubali kuipokea, na dereva hukabidhiwa idhini mkononi. Stesheni masta huandika kwenye daftari namba ya treni, saa ilipoingia na saa ilipoachiwa. Treni ikichelewa, hakuna haja ya kubishana. Madaftari ya stesheni zote huwekwa pamoja, namba ileile hutafutwa katika kila moja, na pengo la saa huonyesha ilipokaa. Utaratibu huo unadai mambo matatu: namba isiyobadilika njia nzima, kila kituo kuandika chake, na saa za vituo vyote kwenda sawa. Likikosekana moja tu, madaftari hayasomeki pamoja. Mifumo ya ufuatiliaji iliyobuniwa baadaye, hata ile ya kompyuta elfu kadhaa, nayo hukabiliana na mambo hayohayo matatu.

Telegramu ilifuata njia hiyohiyo. Kabla ya maneno ya mtumaji, karani alipeleka kwanza jina la ofisi ilikotoka, namba yake, idadi ya maneno na saa ilipopokelewa. Idadi ya maneno ilikuwa kinga: karani wa mbele alihesabu, na zisipolingana aliomba irudiwe. Maelezo hayo hayakuwa sehemu ya ujumbe, lakini bila hayo ujumbe haukuweza kudaiwa.

Hadi mwaka 1977 reli, posta na simu za Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa chini ya mashirika ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ilichukua sehemu yake. Tangu hapo kufuatilia kitu kilichovuka mpaka kulihitaji maelewano ya watu wasio na mkubwa mmoja. Hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe la shirikisho, nalo ni gumu kuliko la mitambo: ndani ya shirika moja daftari huagizwa, lakini kati ya mashirika daftari huombwa.

Barua pepe ililikabili tatizo hilo mapema. Kanuni zake za mwaka 1982, zilizoandikwa na Jon Postel, zinaitaka kila seva inayopokea barua iongeze juu yake mstari wenye jina la seva iliyoileta, jina lake yenyewe na saa. Mistari hiyo husomwa kutoka chini kwenda juu, na husaidia pia kugundua barua inayozunguka bila kufika. Udhaifu wake ni kwamba mtu mbaya anaweza kubandika mistari ya uongo kabla hajaituma barua. Unaoaminika bila shaka ni ule ulioandikwa na seva ya mpokeaji mwenyewe.

Afrika Mashariki iliujua ujumbe wa kompyuta kwanza kupitia mitandao ya kupokezana. FidoNet, iliyoanzishwa Marekani na Tom Jennings mwaka 1984, iliunganisha kompyuta za watu binafsi zilizopigiana simu, kwa kawaida usiku wakati gharama ni nafuu, na kuachiana mafurushi ya barua. Kila kituo kilikuwa na mwenyewe. Ujumbe wa majukwaa ulibeba orodha ya vituo vilivyokwisha kuuona, ili usirudishwe ulikotoka. Mapema katika miaka ya 1990 mtandao wa HealthNet, wa shirika la SatelLife lililoasisiwa na daktari Bernard Lown, uliwafikishia madaktari wa Tanzania na nchi jirani barua na makala za tiba kwa njia hiyo ya kupokezana, ukitumia pia satelaiti ndogo iliyochukua barua ilipopita juu ya kituo kimoja na kuzishusha kwingine. Katika mitandao hiyo kuchelewa kwa saa nyingi kulikuwa jambo la kawaida, na swali la barua imelala wapi liliulizwa kila siku.

Intaneti ya moja kwa moja ilipoenea, nyayo za ujumbe zilifichua jambo lililowaudhi mafundi wa ukanda huu: ujumbe kati ya wateja wa kampuni mbili za mji mmoja ulivuka bahari na kurudi. Nairobi ilifungua kituo chake cha kubadilishana data mwaka 2000, kikafungwa baada ya kupingwa na shirika la simu, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam ilipata chake mwaka 2004. Kebo ya chini ya bahari ya SEACOM ilipoanza kazi mwaka 2009, kuchelewa kwa njia ya satelaiti kulianza kupungua.

Kuchati kwa shirikisho kulianza na Jabber ya Jeremie Miller mwaka 1999, iliyopata kanuni rasmi mwaka 2004 kwa jina la XMPP. Matrix ilifuata mwaka 2014. Ndani ya Matrix chumba cha mazungumzo hakina nyumba moja. Kila seva yenye mwanachama ndani yake hutunza nakala ya historia, na ujumbe mmoja hupelekwa kwa seva zote hizo. Mtumaji huona umekwenda, huku kwa seva moja umefika na kwa nyingine umekwama. Madaftari ya seva moja hayatoshi kueleza kisa chote.

Dawa ilitoka kwingine. Mwaka 2007 watafiti wa Berkeley walitoa X-Trace, mfumo wa kuipa kazi moja alama inayosafiri nayo, huku kila mwenye mtandao akibaki na uamuzi wa nani asome taarifa zake. Wazo hilo la mwisho halikupewa uzito liliostahili. Google ilieleza mfumo wake wa Dapper mwaka 2010, na huo ndio ulioigwa: Twitter ikatoa Zipkin mwaka 2012, Uber ikajenga Jaeger. Zote zilizaliwa ndani ya kampuni moja moja, ambamo daftari huagizwa. Mwaka 2019 miradi miwili ya viwango iliungana kuwa OpenTelemetry, na mwaka 2020 shirika la viwango vya Wavuti, W3C, likapitisha muundo mmoja wa alama: toleo, namba ya safari nzima, namba ya hatua iliyotangulia, na ishara ya kama safari hiyo inarekodiwa.

Synapse, seva kongwe ya Matrix, ilipata uwezo wa ufuatiliaji wa aina hiyo mwaka 2019. Fundi husimika Jaeger, huwasha ufuatiliaji kwenye faili la mipangilio, kisha huchagua sehemu ya maombi itakayorekodiwa, maana kurekodi yote hujaza diski upesi. Ugumu uko kwenye foleni. Ujumbe unaokwenda seva ya nje hauondoki palepale. Huwekwa kwenye foleni, na seva ya mbali isipojibu, muda wa kungoja kabla ya kujaribu tena huongezwa. Safari iliyoanzia kwenye simu ya mtumaji inakuwa imekwisha, na ya pili huanza baadaye. Zisipounganishwa kwa makusudi, picha hukatika mahali ambapo tatizo lipo. Katika mji kama Mpanda, ambao kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli ya shirika la umeme, TANESCO, seva inayozimika na kurudi ni hali ya kutarajiwa, na kiungo hicho ndicho cha kwanza kushughulikiwa. Cha pili ni saa: seva ikiwaka na saa isiyo sahihi, jibu litaonekana limetangulia swali.

Kuhusu seva za wengine, Synapse ina orodha ya zile zinazoruhusiwa kupokea alama, na orodha hiyo huanza ikiwa tupu. Uamuzi huo ni sahihi. Nyayo hazina maneno ya mazungumzo, lakini zinaweza kuonyesha nani aliwasiliana na nani na saa ngapi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu Mtanzania anayezitunza. Seva nyingine iongezwe kwenye orodha baada tu ya wenye seva wote wawili kukubaliana kitakachorekodiwa, nani atakisoma na kitafutwa lini.