Yoga nyumbani: anza na pumzi, usianze kwa kujikunja

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi nimeshinda nimeinamia nguo za watu. Mwaka jana mgongo ulinidai haki yake. Nikawa siwezi kuinuka kitini bila kushika meza, na fundi asiyeweza kukaa hana riziki. Daktari alinipima, akasema hakuna kilichovunjika, ila ninyooshe viungo kila siku. Ndipo nikaanza yoga.

Siku ya kwanza nilifuata video kwenye simu, nikajilazimisha kushika vidole vya miguu. Siku tatu sikushona. Hapo nikafahamu kuwa mwili si kitambaa cha kuvutwa hadi kifike kipimo.

Asili ya yoga ni India, na kwao ina falsafa na ibada ndani yake. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Yoga Duniani. Ninayoizungumzia hapa ni mazoezi ya viungo na pumzi tu.

Huhitaji kununua kitu. Vaa nguo isiyokubana wala kukukwaza. Mkeka wa ukindu huteleza juu ya sakafu ya vigae, kwa hivyo tandika zulia au blanketi zito. Subiri saa mbili au tatu baada ya kula. Mimi hufanya alfajiri, kabla ya chai na kabla joto halijapanda.

Dakika 10 zatosha, kwa mpango huu:

1. Pumzi. Kaa kitako, mgongo wima. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 4. Mara 10, bila kuzuia pumzi.

2. Paka na ng'ombe. Piga magoti, viganja chini ya mabega. Ukivuta pumzi, shusha tumbo na inua kifua. Ukitoa, panda mgongo kama paka aliyeshtuka. Mara 8, polepole.

3. Mtoto. Kalia visigino, inama hadi paji la uso liguse chini, mikono mbele. Magoti yakikusumbua, weka mto juu ya visigino. Pumzi 5.

4. Mlima. Simama wima, uzito uwe sawa kwenye miguu yote miwili, mabega yashuke. Pumzi 5.

5. Maiti. Lala chali, mikono kando, macho umefumba, dakika 2. Wengi huuruka mkao huu, nao ndio unaotuliza mwili.

Kuvutika kidogo ni kawaida. Maumivu makali, ganzi au kizunguzungu ni ishara ya kuacha papo hapo. Mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa macho wa glakoma, mjamzito au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amuulize daktari kwanza. Mwenye presha au glakoma ajiepushe na mikao ya kuweka kichwa chini kuliko moyo, huo wa mtoto ukiwemo.

Haba na haba hujaza kibaba. Dakika 10 kila siku zina faida kuliko saa nzima mara moja kwa wiki. Mimi hadi leo sifikii vidole vya miguu. Lakini naamka kitini bila kushika meza, na nguo za watu zinatoka kwa wakati.