Mwito Ulioizuia Meli ya Angani Kufika Makondeni

Asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1917, meli ya angani ya Wajerumani iliyoitwa L59 iliondoka Yambol, Bulgaria, kuelekea Uwanda wa Juu wa Makonde. Ilikuwa na urefu wa mita 226, kupita viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa. Ilibeba watu 22 na tani 15 za shehena: risasi, dawa, bendeji na bunduki za rashasha, zile ambazo askari wa huku walizoea kuziita bombomu.

Safari ilikuwa ya kwenda tu. Afrika hapakuwa na haidrojeni ya kuijaza tena, kwa hiyo meli yenyewe ingechanwachanwa ikifika. Kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo, na mifupa yake ya metali nyepesi ingesimamishwa kuwa minara ya redio. Minara ilihitajika kweli. Ule wa Dar es Salaam ulikuwa umeanguka tangu Agosti 1914, siku za mwanzo kabisa za Vita vya Kwanza vya Dunia, na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, halikuwa na mtambo wa kufikisha sauti yake Ulaya.

Huku chini mambo yalikuwa yameharibika. Baada ya mapigano ya Mahiwa mwezi Oktoba, Waingereza walisonga kutoka upande wa Lindi. Misheni ya Ndanda, ambayo Wabenediktini waliianzisha mwaka 1906 na ambayo vita viliigeuza hospitali ya majeruhi, iliangukia mikononi mwao. Lettow alipanda uwandani, akawaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi kwa kukosa dawa na chakula, akapita Kitangali na Newala kuufuata Mto Ruvuma.

Berlin ilipopata habari hizo, ikaamua kuirudisha meli. Kazi hiyo ilipewa Nauen, kituo kikubwa cha redio magharibi mwa mji huo, ambacho mafundi wa dunia nzima walikijua kwa herufi tatu: POZ.

Herufi hizo ndizo alama ya mwito. Katika redio humwoni anayesema, na mwenye chombo yeyote aliye karibu anaweza kukusikia au kukuingilia. Mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Berlin mwaka 1906 ukaagiza kila kituo kiwe na herufi tatu ambazo hakuna kingine kinachozitumia. Titanic ilizama Aprili 1912 ikiita kwa jina la MGY, ile M ikiwa ni alama ya kampuni ya Marconi. Miezi michache baadaye wajumbe walikutana London, na nchi zikagawiwa herufi za mwanzo, ili msikilizaji ajue kituo ni cha taifa gani kabla hajajua ni kipi.

Lakini alama ya mwito haina kufuli. Fundi yeyote angeweza kugonga POZ kwa mkono wake. Wazoefu walitambuana kwa jinsi kila mmoja alivyogonga Morse, na ujumbe wa kijeshi ulifichwa kwa vitabu vya siri. Vitabu navyo viliibika: kimoja cha jeshi la maji la Ujerumani kilipatikana katika manowari Magdeburg iliyokwama Baltiki mwaka 1914, kikafika London mwaka huohuo.

L59 ilikuwa na tatizo lake. Juu ya Mediterania ilikutana na dhoruba ya umeme, waya wa antena ukakunjwa ndani, na miito ya kwanza ikapita bila kusikika. Tarehe 22 injini ya mbele iliharibika, na ndiyo iliyozungusha jenereta ya redio. Tangu hapo meli ilisikia bila uwezo wa kujibu. Usiku wa kuamkia tarehe 23, ikiwa magharibi ya Khartoum, ilipokea amri: adui ameshika sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde, Kitangali imekwisha kuchukuliwa, rudini.

Nahodha Ludwig Bockholt asingeweza kuuliza swali hata moja. Aligeuza. Baada ya vita ulienea uvumi kwamba Waingereza ndio waliotuma mwito huo kwa hila, na wapo wanaousimulia hadi leo. Kumbukumbu za Wajerumani zinaonyesha amri ilitoka Berlin kweli, tena habari za Kitangali hazikuwa za uongo. Uvumi ulidumu, nadhani, kwa sababu hila hiyo iliwezekana kabisa. Meli ilitua Yambol tarehe 25, baada ya saa 95 na kilomita 6,757. Siku hiyohiyo Lettow alivuka Ruvuma kule Negomano.

Waingereza waliotwaa nchi walileta herufi zao. Ndege nazo zilikuwa na alama zake: za Tanganyika ziliandikwa VR-T, za Zanzibar VP-Z, na alama za wapenzi wa redio wa Tanganyika zikaanza na VQ3. Baada ya Uhuru zikaja 5H, wakati Kenya ilipata 5Y na 5Z, Uganda 5X. Ndege ndogo ikitua leo Masasi au Newala, tazama ubavuni: kama imeandikishwa nchini, utaikuta 5H, kisha kistari na herufi tatu. Rubani anapoita mnara hujitaja kwa alama hiyo, na mnara humjibu kwa hiyohiyo.