Muhanga

Muhanga (jina la kisayansi: Orycteropus afer) ni mamalia wa Afrika anayechimba ardhi na kula mchwa na sisimizi wakati wa usiku. Ni spishi pekee iliyobaki ya oda Tubulidentata. Ana pua kama ya nguruwe na masikio kama ya punda, lakini nasaba yake iko karibu zaidi na tembo na pimbi. Uzito wake kwa kawaida ni kilogramu 40 hadi 65.

Hutoboa kichuguu kwa kucha zake, hufunga matundu ya pua vumbi lisiingie, kisha hulamba mchwa kwa ulimi unaonata wenye urefu wa sentimita 30 hivi. Jike huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya miezi saba.

Mashimo anayoyaacha hukaliwa na ngiri, nungunungu, fisi na chatu. Kwa hiyo akitoweka muhanga, hao nao hukosa makao.

Savana za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zimo katika eneo la msambao wake. Mwaka 1994 zaidi ya Wanyarwanda 200,000 walivuka Rusumo kwa siku mbili tu, wakapiga kambi Benaco. Miti mingi ilikatwa kwa kuni, na wanyamapori wakawindwa. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Wanyama wanapohesabiwa mchana kwa ndege, muhanga amelala shimoni. Dalili zake ni udongo mpya mlangoni mwa shimo na kichuguu kilichotobolewa ubavuni.