Bodi ya vihisi ya mota ya umeme

Bodi ya vihisi ya mota ya umeme ni kibao kidogo cha saketi kinachofungwa ndani ya mota isiyo na brashi ili kuijulisha kontrola mahali rota ilipo. Kwa kawaida hubeba vihisi vitatu vya Hall. Thamani yake ni ndogo sana ikilinganishwa na koili na sumaku, lakini ikiharibika mota hushtukashtuka, hunguruma bila kuzunguka au hukataa kabisa kuanza. Jinsi ilivyowekwa ndiyo huamua kama mwenye pikipiki ya umeme atabadilisha kibao tu au atanunua mota nzima.

Kazi yake

Athari ya Hall iligunduliwa na Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879. Mkondo wa umeme unapopita katika kipande chembamba kilichomo ndani ya uga wa sumaku, volti ndogo hutokea kukingama na mkondo huo. Kihisi hugeuza volti hiyo kuwa ishara ya 1 au 0 kadiri ncha za sumaku zinavyopita mbele yake. Vihisi vitatu vikipangwa kwa digrii 120 za kiumeme, hutoa hali sita katika kila mzunguko wa kiumeme. Katika mpangilio huo vyote havipaswi kuwa 0 wala 1 kwa wakati mmoja. Hali hiyo ikionekana, kuna kihisi au waya uliokufa.

Nyaya huwa tano: nyekundu ya umeme (mara nyingi volti 5), nyeusi ya hasi, na njano, kijani na buluu za ishara. Fundi huweza kuzipima kwa multimita huku akizungusha gurudumu polepole kwa mkono.

Kuharibika

Maadui wakubwa ni joto la koili na maji. Katika mota ya kitovu cha gurudumu kuna adui wa tatu. Ekseli yake haizunguki, na nyaya hupita katika tundu lake. Nati zikilegea, ekseli hujizungusha kwenye fremu na kuzinyonga nyaya. Waya mnene wa koili ukigusana na ule wa kihisi, volti za betri huingia kwenye bodi na vihisi vyote vitatu huweza kuungua kwa pamoja.

Katika mota nyingi za aina hii vihisi hugandishwa kwa gundi katika meno ya stata. Kuvibadilisha ni kufungua kifuniko, kuvuta stata kutoka kwenye sumaku zenye nguvu ya kuponda vidole, kukwangua gundi na kulehemu miguu tisa midogo. Kihisi kikigeuzwa uso, ishara yake hupinduka na kazi huanza upya.

Usanifu unaorahisisha matengenezo

Njia iliyo bora ni kuweka bodi pembeni mwa stata, chini ya kifuniko chake chenyewe, ikiwa na plagi badala ya lehemu. Ili vihisi visome sumaku kutoka hapo, sumaku za rota hurefushwa kupita stata, au pete ndogo ya sumaku hufungwa kwenye rota.

Tatizo ni usahihi. Mota ya gurudumu yenye sumaku 46 ina jozi 23, hivyo digrii 1 ya kawaida ni digrii 23 za kiumeme. Bodi mpya ikikaa kando kwa nusu digrii tu, kosa ni digrii 11.5 za kiumeme, na mota hupoteza nguvu na kupata joto. Matundu ya skrubu yana nafasi ya kucheza, kwa hiyo hayatoshi: zinahitajika pini mbili za kuongoza. Katika mota za magari madogo ya mashindano yanayoendeshwa kwa rimoti, ambazo nyingi zina jozi moja tu ya ncha, kazi ni rahisi zaidi. Bodi hukaa kwenye kifuniko cha nyuma, na kifuniko chenyewe huzungushwa kidogo kurekebisha pembe.

Gundi nayo ina faida, kwani huzuia mtikisiko, na plagi isiyozibwa vizuri huingiza maji na kutu. Watengenezaji wengine hufunga seti ya pili ya vihisi kama akiba. Kontrola isiyohitaji vihisi hukisia mahali pa rota kwa volti inayozalishwa na koili zenyewe, lakini rota ikiwa imesimama volti hiyo haipo. Kwa bodaboda iliyobeba abiria na kusimama mlimani, kama Kigali, hapo ndipo vihisi huhitajika zaidi.