Jicho Vivu: Jinsi Ubongo wa Mtoto Unavyopimwa

Leo tuzungumzie jicho vivu, na historia ya kipimo kinachouuliza ubongo swali ambalo mtoto mchanga hawezi kujibu: je, unaona?

Mama, jicho vivu ukilitazama huenda usione kasoro yoyote. Mara nyingi chanzo ni makengeza, au jicho moja kuhitaji miwani kuliko lingine, au mtoto wa jicho aliyeziba mwanga. Ubongo hulitegemea jicho lenye nafuu na kulipuuza lingine. Mtoto halalamiki, kwani hajui kuona kwingine.

Mwaka 1875, daktari Richard Caton wa Liverpool, Uingereza, alieleza kwamba ubongo wa wanyama hutoa umeme hafifu, nao hubadilika jicho likimulikwa. Mwaka 1929, Hans Berger wa Ujerumani alichapisha michoro ya umeme wa ubongo wa binadamu. Lakini jibu la jicho lilimezwa na umeme mwingine wa ubongo, kama sauti ya mtu mmoja sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, George Dawson wa London alitengeneza mtambo wa kujumlisha majibu mengi hadi jibu dogo likaonekana.

Mwaka 1963, huko Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel walionyesha kwamba paka mchanga akifungwa jicho moja kwa miezi michache, ubongo wake huacha kulijibu jicho hilo hata likifunguliwa. Paka mkubwa hakupata hasara hiyo. Hapo ikadhihirika kwamba utoto una muda wake. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Mwaka 1985, Anthony Norcia na Christopher Tyler walitumia umeme huo kupima uwezo wa kuona wa watoto wasiotimiza mwaka mmoja. Mtoto hupakatwa na mama, hubandikwa nyaya ndogo kisogoni, kisha huonyeshwa mistari au miraba kama ubao wa drafti, kila jicho kwa zamu. Haumi wala hapigwi shoti, kwani mashine husikiliza tu. Jibu la jicho vivu mara nyingi huwa dogo au huchelewa. Hata hivyo, daktari hategemei kipimo hiki peke yake.

Mashine hii haipo katika kila kituo, lakini usiingoje. Ziba jicho moja la mtoto kwa kiganja, kisha lingine. Akilia au kusukuma mkono ukiziba jicho moja tu, mpeleke kliniki. Akiwa na makengeza, mpeleke pia. Ukiona weupe ndani ya mboni, nenda hospitali leo hii. Usimzibe jicho kwa siku nyingi bila ushauri wa daktari.

Makengeza si baraka wala laana, na si jambo la kungoja akue. Matibabu hufaulu zaidi mtoto akiwa mdogo.