Saikolojia: Mtoto akilia mama akiondoka, anadeka?

Wadau, saikolojia siyo kusoma mawazo ya watu kama mganga. Ni kuchunguza tabia na kutafuta sababu zake.

Mfano tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alikwenda Uganda, akawa anatembelea nyumba za Waganda karibu na Kampala, akifuatilia kina mama 26 na watoto wao 28. Kitabu chake kikatoka 1967. Aliona mtoto mwenye uhakika na mama yake humfanya kituo: anatambaa kuchezea vitu, anageuka kumcheki, anarudi. Kumlilia akiondoka ni dalili ya kushikamana naye, siyo ukorofi.

Jamani, niliposoma hayo roho iliniuma. Kwetu Ruaruke, mama akienda shamba la mpunga mdogo wangu alikuwa analia, mimi namchapa eti anadeka. Bibi ndiye aliyekuwa akimbeba mpaka anatulia. Bibi hakusoma saikolojia, lakini alikuwa sahihi: mtoto anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja.

Siku hizi kwa mtoto wa dada hatutoroki kimya kimya. Tunamuaga, tunamwachia mtu aliyemzoea, na tukirudi tunambeba.

Je wewe mdau, ukilia alikuwa anakubeba nani?